Steringi Anapokufa Mapema

Mhadhara wa umma uliotolewa Nyahanga, Kahama



Nimeombwa nizungumzie filamu, nami nitazungumza kama mtazamaji tu. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua sheria ya kwanza ya benchi: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, afungiwe ndani ya nyumba inayoungua, bado atatokea. Kwa sheria hiyo tuliweza kutazama muvi za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani bila kujua lugha hata moja. Baadaye marehemu Derek Mukandala, yaani Lufufu, akatia sauti yake ya Kiswahili juu ya mikanda ya watu, na wapo waliotoka bandani wakimsifu Lufufu kuliko steringi mwenyewe.

Tamthilia za uhalifu tunazozitazama siku hizi, kwenye king'amuzi au kwenye simu, zimeirithi sheria hiyo. Maiti inaonekana dakika ya kwanza, mpelelezi anafika hana usingizi na ndoa imemshinda, na kabla hatujaenda kulala muuaji katiwa pingu. Nazipenda, na msiondoke hapa mkisema mwalimu kaja kuzisema vibaya. Nongwa yangu nazo ni moja: zinatuaga mapema mno. Pingu zikifungwa, hadithi imekwisha, kana kwamba muuaji alikuwa peke yake duniani, hakutumwa na mtu, hakulipwa na mtu.

Sasa chukueni filamu ya zamani, Z, aliyoiongoza Costa-Gavras mwaka 1969. Mbunge wa upinzani anatoka mkutanoni usiku. Kigari cha mizigo cha magurudumu matatu, tuseme guta, kinapita kasi, na aliyepanda nyuma anamtandika rungu kichwani. Steringi kafa, na filamu bado mbichi! Kisa chenyewe ni cha kweli: Grigoris Lambrakis alishambuliwa Thessaloniki, Ugiriki, tarehe 22 Mei 1963. Polisi wakadai ni ajali ya dereva mlevi. Hapo anaingia hakimu mpelelezi, kijana wa miwani asiye na chama wala makeke, anauliza maswali yaleyale kwa kila shahidi mpaka ngazi inapanda, kutoka kwa mwenye guta hadi kwa majenerali. Kuna kipande ambacho siachi kukicheka. Maofisa wakubwa wanasomewa mashtaka mmoja mmoja, na kila mmoja akimaliza anakimbilia mlango wa pembeni ili akwepe waandishi wa habari. Anashika kitasa: umefungwa. Anageuka na medali zake, anapita palepale penye kamera.

Tamthilia ya kawaida ingeishia kwenye mlango huo. Z inaendelea. Mashahidi wanakufa, kesi inayeyuka, wanajeshi wanatwaa nchi. Hakimu halisi, Christos Sartzetakis, alifungwa na utawala huo, kisha mwaka 1985 akawa Rais wa Ugiriki. Filamu yenyewe ilipigwa Algeria, maana Ugiriki ya wakati ule isingeiruhusu.

Raoul Peck naye, katika filamu yake Lumumba ya mwaka 2000, juu ya kuuawa kwa Patrice Lumumba wa Kongo, anaanza na miili inayofukuliwa na kuharibiwa ili isionekane tena. Hakuna wa kuuliza kama steringi atapona. Tunabaki na swali gumu zaidi, la wangapi walihitajika ili mtu mmoja auawe.

Filamu za siasa za zamani nazo zina madhambi yake. Ile ya Sharad Patel ya mwaka 1981 kuhusu kupanda na kuanguka kwa Idi Amin ilijaza mabanda Afrika Mashariki nzima, lakini watu walimfuata Joseph Olita kwa jinsi alivyomwiga Amin. Adui akawa ndiye steringi. Waganda waliouawa wakabaki watu wa kuanguka tu.

Nikirudi kwenye tamthilia za uhalifu, hapa kwetu mpelelezi wa peke yake ni mgeni. Sungusungu iliibuka pande hizi za Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipoibwa na majambazi kuzidi, na polisi wako mbali. Yowe likipigwa, kila mwanamume anatoka na upinde. Mwaka 1989 ikapewa nguvu ya kisheria. Ng'ombe walirudi, ni kweli. Lakini kijiji kizima kikiwa mpelelezi na hakimu kwa mpigo, mtuhumiwa ajitetee kwa nani? Mwandishi wa tamthilia ana kazi ya miaka kumi katika swali hilo moja.

Tamthilia kubwa ya uhalifu iliyowahi kutuhusu hatukuilipia kiingilio. Machi 2017 usafirishaji nje wa makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu na shaba, ulipigwa marufuku. Tarehe 24 Mei, Profesa Mruma akasoma ripoti ya kamati yake Ikulu kuhusu makontena 277 ya mchanga huo, na tarehe 12 Juni akafuata Profesa Osoro. Matangazo moja kwa moja, nchi nzima imekodoa macho. Ushahidi ulikuwepo, wapelelezi walikuwepo, adui naye alikuwepo, kampuni ya madini ya Acacia, aliyekana. Julai akaletewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, na wengi wetu tukazima televisheni tukijua nani kashinda.

Vipande vilivyofuata vilikosa watazamaji. Septemba Acacia ilitangaza kupunguza shughuli za mgodi wake wa Bulyanhulu, na waliopoteza kazi mnawajua kwa majina, wengine mmekaa nao hapa. Januari 2020 kampuni ya Barrick, iliyokuwa imeinunua Acacia yote, ikasaini na Serikali: dola milioni 300, asilimia 16 ya hisa za migodi, na kampuni ya pamoja iitwayo Twiga. Inawezekana ni mapatano mazuri, wachumi wabishane. Mimi mtazamaji nataka kuonyeshwa njia iliyotutoa kwenye bilioni 190 ikatufikisha kwenye milioni 300, nani alikaa mezani na nini kiliachwa. Kijana mwenye kamera anayetaka kuiandika tamthilia hii aanzie kwenye saini hizo, kisha arudi nyuma, kontena kwa kontena.