Chura wa Kihansi na Mtoto Njiti

Msikilizaji, usiku mmoja nilikuwa wodi ya wazazi umeme ukakatika. Mle ndani kulikuwa na watoto njiti kwenye mashine za joto. Muuguzi alimtoa mmoja, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kanga. Tukasubiri jenereta gizani. Usiku ule mtu angeniuliza kati ya mtoto yule na chura nani ana thamani zaidi, nisingemjibu, ningemfukuza.

Nasema chura kwa sababu yupo mmoja aliyetutia mtihanini sisi Watanzania. Chura wa Kihansi ana rangi ya manjano na anaenea juu ya kidole gumba. Hatagi mayai, anazaa. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi kwamba watoto huonekana wakiwa bado ndani. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, kwenye majani yanayoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta mbili hivi.

Na sisi maji hayohayo ndiyo tuliyoyataka. Nchi ilikuwa imechoshwa na mgawo wa umeme. Kufikia mwaka 2000 mitambo ya megawati 180 ilikuwa inafanya kazi, na karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji ya mto zilipitishwa kwenye handaki. Manyunyu yakakatika. Vyura 499 wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, Marekani, na korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji. Mwaka 2003 waliobaki wakafa kwa wingi, ugonjwa wa kuvu ukiwa miongoni mwao. Januari 2004 walionekana watatu tu. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini wametoweka.

Manung'uniko yalikuwa mengi: fedha zote hizo kwa vyura, na zahanati hazina dawa? Swali hilo lina uchungu wa kweli, wala silidharau. Lakini mizani yake imepinda. Hakuna aliyetaka mtoto njiti akose umeme. Kilichoombwa ni maji kidogo yaachwe yapite. Na upande wa pili hakuwekwa chura mmoja, uliwekwa ukoo mzima. Chura mmoja akifa, wenzake watazaa. Ukoo ukiisha, tutaazima mbegu kwa nani?

Mimi naamini mtu ni mkubwa kuliko chura. Basi awe mkubwa kweli. Nyumbani kwetu mkubwa ndiye anayepakua huku akihesabu wadogo ambao hawajala. Hakombi chungu kwa kuwa mwiko uko mkononi mwake. Ndiyo maana naomba mradi ujao wa bwawa uandikiwe gharama ya viumbe wake siku ileile inapoandikwa gharama ya saruji, siyo baada ya maji kukatwa.

Mwaka 2010 vyura mia moja walirudi nyumbani kwa ndege, wakapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, kwenye majani yaleyale, chini ya manyunyu ya mabomba.