Namba Zetu Zishuke Mwambaoni

Msikilizaji, usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 mwezi ulikuwa umekonda. Zilibaki siku nne tu upotee kabisa angani. Kwa mtu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi kushuka Liuli hadi Mbamba Bay, usiku wa namna hiyo ni usiku wa kazi. Giza ndilo linaloifanya taa ya mvuvi iwavute usipa. Upepo wa mwera ukitulia, mitumbwi hutoka jioni na kurudi alfajiri. Usiku huohuo ndio uliokuwa usiku wa sensa, ambao kila mkuu wa kaya nchini angeulizwa: nani alilala hapa?

Mvuvi hakulala popote. Kanuni ya kuhesabu inamjali: aliyekuwa kazini usiku ule, awe mlinzi, muuguzi au mvuvi, anahesabiwa na watu wa kaya yake. Lakini kanuni hiyo inamtegemea mtu wa nyumbani amtaje. Na yuko mvuvi aliyehamia kambini tangu mwezi uliopita, analala chini ya turubai na wenzake wa vijiji vingine. Nyumbani wanasema yuko kambini, kambini wanasema kwao ni fulani. Mtu huyo ndiye ninayemfikiria kila ninaposikia sifa za vishikwambi vilivyotumika kuhesabu.

Sifa hizo ni za haki. Sensa ya mwaka 2022 ilikuwa ya sita tangu Muungano, baada ya zile za 1967, 1978, 1988, 2002 na 2012, na ilikuwa ya kwanza nchini kukusanya majibu kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Vilinunuliwa zaidi ya 200,000. Majirani zetu walikuwa wametangulia: Malawi, ng'ambo ya ziwa hilihili, walihesabiana kwa vifaa vya namna hiyo mwaka 2018, na Kenya wakafuata mwaka 2019. Hata hapa kusini jambo hili si geni kama tunavyodhani. Mwaka 2004 watafiti wa afya wa kituo cha Ifakara walizunguka mikoa ya Lindi na Mtwara na kompyuta za kiganjani, wakaingia kaya zaidi ya 21,000. Vijana wa vijijini waliofundishwa kazi hiyo waliimudu vizuri, miaka 18 kabla ya taifa zima kufanya vivyo hivyo.

Tazama kifaa chenyewe kinavyofanya kazi. Karani anafungua ramani ya eneo lake la kuhesabia, mipaka inaonekana kwenye kioo. Akifika kwenye nyumba, mahali pale panarekodiwa kwa setilaiti, kwa hiyo hawezi kukaa chini ya mwembe akajaza majibu ya kaya kumi bila msimamizi kuona nukta zote zimerundikana pamoja. Akiandika kwamba mkaazi ni mwanamume, maswali ya uzazi yanarukwa yenyewe. Akikosea umri, mama akaonekana ni mdogo kuliko mwanawe, kifaa kinakataa kuendelea mpaka arekebishe palepale mlangoni, mwenye jibu akiwa bado amekaa mbele yake. Kwenye karatasi kosa kama hilo lingegunduliwa miezi kadhaa baadaye, mbali sana na mama huyo, na aliyeligundua angebaki kukisia. Mahali pasipo na mtandao majibu yanahifadhiwa ndani, na mtandao ukipatikana yanatumwa. Kwa vijiji vyetu vilivyojificha kati ya mlima na maji, hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote.

Matokeo ya kasi hiyo tuliyaona. Sensa ya 2012 ilifanyika tarehe 26 Agosti, na idadi ya watu ikatangazwa tarehe 31 Desemba. Ile ya 2022 ilianza tarehe 23 Agosti, na tarehe 31 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dodoma akiitangazia nchi kwamba tumefika 61,741,120. Mkoa wetu wa Ruvuma uliokuwa na watu 1,376,891 mwaka 2012 ulikutwa na watu 1,848,794. Hao ni zaidi ya watu 470,000 walioongezeka kwa miaka kumi, na kila mmoja wao anakunywa maji, anaugua, na kama ni mtoto anahitaji dawati.

Lakini twende milimani kidogo, kwa Wamatengo. Anayeijua Mbinga anajua jinsi nyumba zilivyotawanyika kwenye miteremko, kila ukoo na ntambo yake, yaani mgongo wake wa mlima, mashimo ya ngoro yamechimbwa kuzunguka mlima, migomba na kahawa karibu na nyumba. Kwenye kioo cha kishikwambi, nyumba iliyo upande wa pili wa bonde inaonekana iko karibu sana. Kwa miguu ni kuteremka hadi mtoni, kuvuka, na kupanda tena hadi jasho likutoke. Karani mgeni akitazama ramani anapanga nyumba nyingi kwa siku; karani mwenyeji anajua aanzie wapi, na anajua kwamba mwezi wa nane kahawa bado inachumwa, hivyo mkuu wa kaya usimtafute nyumbani mchana. Anajua pia kwamba msimu huo katika nyumba nyingine wamo vibarua waliokuja kuchuma, wanaolala kwenye banda la nyuma, ambao mwenye nyumba hatawataja mpaka aulizwe kwa jina la kazi yao.

Hapo ndipo nguvu ya kifaa inapokoma. Kishikwambi kinajua kuwa mtoto hawezi kumzidi mama yake umri. Hakijui kwamba katika nyumba hii kuna mtoto wa nne, mlemavu, ambaye familia imezoea kumficha wageni wakifika. Makosa ya kilichoandikwa kinayakamata, asiyetajwa hakimwoni. Anayemwona ni karani aliyeongozana na mwenyekiti wa kitongoji, mtu ambaye amekula msiba na harusi na watu wale, anayeweza kusema kwa upole, mama, na yule mdogo wetu yuko wapi? Kwa hiyo mwaka wa sensa ijayo, 2032, utakapofika, na vifaa vikawa bora zaidi ya hivi, ningependa fedha na muda visiishie kwenye vifaa. Makarani wachaguliwe kutoka vijiji vilevile, wapewe siku za kutosha, na kambi za wavuvi ziwekewe karani wao anayefika ufukweni mitumbwi inaporudi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Namba zetu zilipanda haraka kuliko wakati wowote katika historia ya nchi hii. Jibu lililotolewa asubuhi kule Kihagara, mwambaoni, liliweza kufika makao makuu kabla ya wiki kwisha. Je, limerudi? Ofisi ya Taifa ya Takwimu imechapisha ripoti, na zinashuka hadi ngazi ya kata. Kazi hiyo imefanyika vizuri, na nawashukuru. Ila ripoti iliyoko kwenye intaneti bado haijafika Kihagara. Ingia katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, tazama ukutani. Utakuta kalenda, utakuta picha ya Rais na ya Baba wa Taifa. Ni mara ngapi umekuta karatasi yenye idadi ya watu wa kata yako, wanaume na wanawake, wazee na watoto?

Swali hilo lina uzito hapa. Wilaya ya Nyasa ilizaliwa kutoka Mbinga mwaka 2012 kwa hoja kwamba mwambao ulikuwa mbali na huduma. Tangu hapo barabara ya lami imeshuka kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, na barabara huleta watu. Zahanati iliyojengwa kwa hesabu ya zamani inapokea foleni ya sasa. Diwani akisimama kuomba kisima bila idadi mkononi, anaomba kwa huruma. Akiwa na idadi iliyochapishwa na serikali yenyewe, anadai, na afisa mipango analazimika kumjibu.

Njia ya kuzishusha namba hizi haihitaji mradi mpya. Vishikwambi vilevile, baada ya sensa, viligawiwa kwa walimu wa shule zetu. Mwalimu wa jiografia anaweza kuifungua ripoti ya mkoa darasani, wanafunzi wakaitafuta kata yao, wakailinganisha na mwaka 2012, wakachora michoro na kuipeleka ofisi ya kijiji. Somo litakuwa limefundishwa na ukuta wa mtendaji utakuwa umepata karatasi. Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa, ya Wilaya ya Mbinga na ya Mji wa Mbinga zina maofisa mipango wenye takwimu hizi. Kurasa mbili kwa kila kata, kwa Kiswahili, zinatosha. Na watu wanastahili. Walimfungulia karani milango, wakamtajia umri wao, vifo vya mwaka ule katika kaya, hata choo wanachotumia. Karani alikula kiapo cha kutunza siri zao, na sheria ya takwimu inawalinda. Jumla ya majibu yao si siri, ni yao.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Wa kwenu ukifika, kabla ajenda ya michango haijafunguliwa, mwenye kusikia haya anyooshe mkono na kuuliza: mheshimiwa mwenyekiti, kata yetu ilihesabiwa watu wangapi, watoto wa chini ya miaka mitano ni wangapi, na zahanati yetu imepangiwa dawa kwa idadi ipi? Swali na jibu viandikwe vyote viwili kwenye muhtasari wa mkutano.