Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone, na Aendelee Kupona

Mada kwa wakazi wa kata kuhusu huduma za mashirika ya hisani ya tiba



Katika uwanda wa juu wa Ufipa, habari kwamba madaktari wageni wanakuja huenea upesi kuliko tangazo la mkutano wowote. Wagonjwa hupanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa na kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, wakitumaini kupimwa na bingwa bila malipo. Mashirika yanayoleta tiba hiyo yanastahili shukrani. Hata hivyo, kila kata ina haki na wajibu wa kuuliza swali moja: wageni wakishaondoka, mgonjwa wa wiki ijayo atatibiwa na nani?

Historia ya eneo hili ina jibu. Hospitali ya Dk. Atiman, mjini Sumbawanga, imebeba jina la Adrien Atiman, aliyezaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, ambako Mapadre Weupe walimkomboa. Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliwapeleka vijana wa Kiafrika waliokombolewa kusomea utabibu katika kisiwa cha Malta, na Atiman alikuwa mmoja wao. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipokuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa hadi Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012. Alioa huko, akazeeka huko, na huko akafariki mwaka 1956.

Miaka 67 ni maisha ya vizazi vitatu. Mtoto aliyetibiwa na Atiman alipokuja kuleta mjukuu wake, alimkuta tabibu yule yule. Dawa za enzi zile zilikuwa chache, lakini mgonjwa alijua pa kurudi kidonda kikichafuka.

Si kila tabibu awezaye kuhamia ugenini maisha yake yote. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika Afrika Mashariki, ambayo ndiyo mwanzo wa shirika la AMREF lenye makao makuu Nairobi. Ndege ilifupisha safari ya siku kadhaa ikawa ya saa chache. Lakini ndege hutua na kuruka, na kijiji hubaki. Kwa sababu hiyo shirika hilo halikuishia kwenye upasuaji wa safari; lilijenga pia kazi kubwa ya kufundisha watumishi wa afya wanaobaki na wananchi.

Mfano wa tatu unawahusu akina mama. Fistula ya uzazi hutokana na uchungu uliokwama muda mrefu bila msaada. Mkojo au haja kubwa humtoka mwanamke bila kuzuilika, na mara nyingi mtoto hufa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu maradhi hayo bila malipo. Ilibainika, hata hivyo, kwamba tiba ya bure bado ni ghali kwa asiye na nauli. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Ndipo ukabuniwa utaratibu wa mabalozi wanaowatambua wagonjwa vijijini, na nauli ikatumwa kwa simu kupitia M-Pesa.

Wazo hilo la kulipia safari kwa simu ndilo linaloonekana pia katika mfumo wa M-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kwa msaada wa wafadhili, kisha ukazinduliwa kitaifa na Serikali mwaka 2022. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliye katika dharura huombewa usafiri kwa namba 115 bila malipo. Pasipo gari la wagonjwa, dereva wa jamii aliyesajiliwa humsafirisha na kulipwa. Hapo msaada umekuwa huduma ya umma, na mwananchi hauombi kama fadhila.

Ndugu wananchi, mambo matatu yako mikononi mwa kata.

Kwanza, mgonjwa asisubiri kambi. Mjamzito aanze kliniki mapema, na familia ipange safari ya kujifungua kabla mvua hazijaharibu barabara za mteremkoni. Kutokwa damu, degedege, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, au uchungu uliozidi saa 12, ni dharura. Mume, mama mkwe au jirani asikae kikao, apige 115.

Pili, aliyetibiwa na wageni atunze cheti chake na kukifikisha kwa mganga mfawidhi wa zahanati yake. Bila maandishi hayo, anayebaki na mgonjwa hajui alichofanyiwa wala dawa aliyopewa.

Tatu, kabla ya kupokea shirika lolote, serikali ya kijiji na kamati ya kituo waulize: nani atafuatilia vidonda? Mtumishi gani wa hapa atafundishwa? Kifaa kikiharibika, nani atakitengeneza? Maswali hayo si utovu wa shukrani. Shirika lenye nia njema hufurahi kuulizwa.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji aendelee kupona mgeni akiisha kuondoka, zahanati aliyoijenga kwa matofali na nguvu zake iwe na mtumishi, dawa na mgonjwa anayefika mapema.