Mwanga Unaoingia Sikioni



Mtoto analia usiku, ana homa, anajivuta sikio. Wengi tunakimbilia mafuta ya moto au maziwa ya mama. Jamani, tusimimine kitu humo! Hujui kama ngoma ya sikio imetoboka.

Mpeleke kituo cha afya. Mama, mpakate, kichwa kikiegemea kifua chako. Mhudumu atavuta sikio taratibu kuelekea nyuma, kwa mtoto mdogo nyuma na chini, kisha atamulika kwa otoskopu, kitochi chenye lenzi. Hakuna kukata wala kuchoma sindano. Ngoma yenye afya hung'aa, rangi ya kijivujivu. Yenye maambukizi makali huwa nyekundu, imevimba kuja nje.

Tatizo ni majimaji yaliyojificha nyuma ya ngoma: hata jicho lenye uzoefu huyakosa. Mwaka 2016, watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza otoskopu inayotumia mwanga usioonekana kwa macho. Maji huunyonya mwanga huo, kwa hiyo yalipo panaonekana peusi. Kwa zahanati zetu, mimi naona Arclight ndiyo ya karibu zaidi: otoskopu ndogo ya Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, inayochajiwa kwa jua.

Usaha ukitoka siku 14 au zaidi, hilo ni tatizo sugu. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, hospitali leo hii.