Vijana wetu na kazi: maneno ya kamati mbele ya wanachama, Baraka



Tulipoanza kutafutia vijana kazi, tulikosa. Tuliangalia asilimia za diplome ya Serikali tu. Mwenye 68 tulimpeleka mbele, mwenye 51 alibaki nyumbani. Kumbe patroni wa atelie ya kuchomelea vyuma hana haja na 68. Anataka mtu wa kufika saa moja asubuhi, asiyeharibu bageti bure.

Sasa tunauliza walimu, tunauliza hata mama jirani: huyu kijana, akiwa hana kazi, mikono yake inashika nini? Ndiyo vile tulipata binti mmoja aliyeshika hesabu ya likelemba ya mama yake tangu kambi ya Nyarugusu. Leo anaandika kitabu cha depo ya samaki. Patroni alimjaribu wiki mbili, akatuambia tusimtafutie pengine.

Iko shida ingine. Waliokulia kambini walisoma programu ya Kongo, lakini Kifaransa chao ni chepesi, na Kiswahili chao watu wanakicheka: "Huyu ni Mtanzania." Hapo sisi tunasimama mashahidi wao.

Na ushahidi una bei. Kijana wetu mmoja alitumika miezi mitano bila kuona franka. Kila tukiuliza: "Bado yuko staji." Tulinyamaza, juu tuliogopa kupoteza nafasi. Baba yake alikuja kutuuliza kama tunauza watoto. Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile karatasi inaandikwa kwanza: siku ya kuanza, siku staji inaisha, pesa ya chakula na ya njia.

Sasa mwenye garaji mmoja anakubali vijana watatu kwa mara moja, lakini karatasi hataki. Na wanangojea, mmoja wao ana mtoto. Sisi wa kamati tunasema: tumpe mmoja, kwa karatasi, tuone. Kuna wanachama wanaosema tunacheza na bahati ya watu. Leo kila mtu aseme, kisha tupige kura.

Kwa wafadhili, hatuombi mishahara. Tunaomba masanduku ya vyombo: funguo, koleo, nyundo. Patroni anakubali haraka kijana mwenye vyombo vyake, na wakigombana, sanduku linarudi naye nyumbani.