Msitu Ndio Fungu Lenu

Neno: Yoshua 17:14-18

Leo nasema na wewe uliyeoa juzi juzi. Una mke, una mtoto wa kwanza mgongoni mwa mama yake, na wazee wamekuonyesha eka zako kule kwenye miombo. Ukitazama, ni miti tu. Moyoni unauliza, "Hiki ndicho Mungu alichonipa?"

Wana wa Yusufu walilalamika hivyo hivyo. Walimwendea Yoshua wakisema wao ni wengi na fungu ni moja. Yoshua hakuwapigia kura nyingine. Aliwaonyesha msitu wa mlimani, akawaambia waende wakaufyeke uwe wao. Baraka yao ilikuwa imesimama mbele yao kama miti!

Sasa sikia vizuri, maana wengi andiko hili huwaishia kwenye panga. Kabla ya Yoshua kuna Mwanzo 2:15. Adamu alipewa kazi mbili bustanini: kulima na kutunza. Anayelima bila kutunza ametii nusu.

Pande zote mbili za mpaka, kuanzia Katavi na Rukwa hadi Mbala na Kasama, kishawishi ni kimoja: mkaa. Unakata, unapanga tanuru, hela ya haraka inaingia. Lakini mti uliokua miaka mingi kabla hujazaliwa umeuuza kwa magunia machache. Ukiumaliza msitu, utauza nini, na mama atapata wapi kuni?

Tufanyeje basi?

Kwanza, Mithali 24:27: shamba litangulie, nyumba ifuate. Fyekeni eneo mnaloweza kupalilia ninyi wawili, basi. Pandeni mahindi, maharage, karanga. Nyumba ya nyasi haimzuii Roho Mtakatifu kuingia!

Pili, kule usikolima using'oe visiki. Miombo huchipua yenyewe kwenye kisiki na kwenye mizizi. Acha chipukizi moja au mawili yenye nguvu, mengine punguza upate fito na kuni.

Tatu, nyuki. Miombo ikichanua, nyuki wanakufanyia kazi bila kudai mshahara. Lakini usichune gome kuuzunguka mti upate mzinga. Mti huo utakufa, na maua yake ya mwakani yamekwenda. Tengeneza mzinga wa mbao.

Nne, moto. Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, ni mkali. Unaua miche na kuunguza mizinga. Safisha njia ya kuzuia moto mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, tena mkubaliane na jirani.

Tano, na hapa naomba akina baba msikilize: karatasi. Upande wa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hati ya hakimiliki ya kimila, na mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili. Upande wa Zambia, kwenye ardhi ya kimila, nendeni wote wawili kwa mkuu wa kijiji na kwa chifu mkatambulike.

Kwa nini nalisisitiza? Kwa sababu nimewaombea wajane waliofyeka shamba kwa mikono yao, wakapalilia na mtoto mgongoni, halafu matanga hayajaisha shemeji wanapima mipaka. Mume alikuwa ameokoka, anaimba kwaya, anatoa fungu la kumi. Jina la mke hakuliandika popote. Ndugu yangu, utasema unampenda mkeo kama Kristo alivyolipenda Kanisa, halafu umwache bila hata kipande cha ardhi?

Basi usiku wa leo kaeni wawili. Hela ya asali na ya mahindi ihesabiwe mezani, wote mkiona: ya Bwana, ya mbegu, ya chakula, ya ada ya mtoto. Kisha ombeni pamoja, mkilitaja shamba lenu kwa jina. Kesho asubuhi jembe mkononi, na siku ofisi ya kijiji ikifunguliwa, mwende pamoja.

Bwana aibariki kazi ya mikono yenu. Amina.