Kuendesha Pikapu Wakati wa Masika



Mvua za masika, ambazo hunyesha Kenya tangu Machi hadi Mei, hujaza utelezi katika barabara za udongo. Pikapu isiyo na mzigo huteleza upesi, kwa kuwa nyuma yake ni nyepesi, na nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Yafaa dereva aweke magunia machache ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, ayafunge imara. Watu wasifanywe mzigo.

Kabla ya kuteremka mlima, na atie gia ndogo, wala asikanyage breki kwa ghafula. Nyuma ikitelezea kushoto, na auondoe mguu kwenye mafuta, ageuze usukani kushoto taratibu mpaka gari linyoke.

Lakini hatari iliyo kuu ni maji yapitayo juu ya barabara. Maji ya kina cha sentimita 60 yaweza kuichukua pikapu. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lilijaribu kuvuka Mto Enziu, Kitui, likasombwa. Watu zaidi ya 30 walikufa. Dereva mwenye busara husimama, akangoja maji yapungue. Wahenga walinena: Kawia ufike.